Nywele za Mtoto wa Hajra

"Soma," Hajra aliniambia.

Simu yake aliiweka juu ya mkeka, mbele ya magoti yangu, kioo kikiwa kinawaka. Ilikuwa saa nne asubuhi, sebuleni kwa mama yake, kijijini Vihingo, Kisarawe. Mama mkwe wangu, Bi Mwanne, alikaa karibu na mlango wa uani. Mjomba wa Hajra, Mzee Omary, alikaa katikati kama mwamuzi. Pembeni yangu alikuwepo dada yangu Faudhia. Nilimwomba anisindikize kutoka kwetu Gwata, maana peke yangu nisingeweza kuvuka kizingiti kile.

"Hajra mwanangu, mambo yenyewe tunayajua," Mzee Omary alisema. "Hakuna haja."

"Mnayajua kwa kusimuliwa, mjomba. Nataka myasikie kwa sauti yake. Alipoandika hakutafuna maneno."

Nilivaa miwani. Nikayaona maneno yangu mwenyewe, nukta na herufi kubwa kila moja mahali pake, kwa sababu mimi hata ujumbe wa simu huuandika kama barua.

"Nipe muda kidogo, mke wangu."

"Chukua, Mwalimu."

Hilo lilinichoma kuliko kioo kile cha simu. Jina langu ni Hussen; Mwalimu ni jina nililopewa na watu wa kijiwe cha kahawa pale Gwata. Sijawahi kufundisha darasa lolote. Nilisoma masomo ya jioni pale Mlandizi nikiwa mtu mzima, kutwa nalima, jioni naendesha baiskeli na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na moja. Tangu hapo kijiwe kikaniita Mwalimu, na sikuwahi kumkataza mtu. Hajra peke yake hakuniita hivyo. Yeye alikuwa akiniita "mume wangu", taratibu, kama mtu anayeweka chombo cha udongo chini.

Naye nilimpata nikiwa nimeshakata tamaa. Mke wangu wa kwanza alifariki bila kuniachia mtoto, nikakaa mgane miaka minane. Hajra alikuwa fundi cherehani, ana miaka thelathini na mitatu, mimi hamsini na sita. Watu walisema waliyosema. Tukaoana. Mwaka uliofuata akashika mimba, nami nikatangaza kijiweni, kabla hata tumbo halijaonekana, kwamba anakuja Salehe. Salehe lilikuwa jina la baba yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na mimi nilikuwa nimechelewa kulirudisha jina lile kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mimba ikafika miezi saba. Jioni moja Hajra aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii."

"Hata mimi. Wenzangu wanasema wa kwao wanapiga mateke mpaka wanaamka. Huyu anasogea kidogo tu, halafu kimya."

"Anafikiri," nikamjibu. "Atakuwa msomi."

Akacheka kwa kunipa heshima yangu. Kliniki wakamwambia maji ya uzazi yamezidi na mtoto amekaa matako chini, kichwa juu. Aliponieleza nikamwambia manesi wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Sikwenda naye hata mara moja.

Alijifungua kwa upasuaji. Nilisimama kwenye korido ya hospitali nikisubiri kelele za mtoto wangu, na kelele hazikuja. Baada ya muda ndipo nikasikia kitu kama paka mchanga aliyefungiwa kabatini. Nesi aliniita nikamwone. Alikuwa amelala, mikono imeanguka pembeni, miguu imefunguka, kama kanga iliyoloa maji. Hakuweza kunyonya. Walimpitishia mpira mwembamba puani ili maziwa yafike tumboni. Na alikuwa mweupe. Mimi ni mweusi wa kung'aa, Hajra ni mweusi. Mtoto alikuwa na rangi ya karanga iliyomenywa, na nywele zake zilikuwa kama ndevu za hindi.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya tatu sikwenda.

Walikaa hospitali majuma matatu, kisha Hajra akaenda kwa mama yake Vihingo kumalizia arobaini. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku ya arobaini mimi na dada Faudhia tutakwenda. Shangazi wa mtoto ndiye anayekuja na wembe, ndiye anayenyoa nywele alizozaliwa nazo mtoto, na baba ndiye anayetamka jina mbele ya watu. Nywele hurudi kwa baba, huzikwa nyuma ya nyumba yake. Ndivyo mtoto anavyojulikana ni wa nani.

Katikati ya siku hizo nikakaa kijiweni, na Andrew, fundi baiskeli, akaniuliza kwa kucheka:

"Mwalimu, nasikia mgeni wako ni mweupe. Bwana shamba alipokuja kukagua mihogo, alikagua na nyumba?"

Wote wakacheka. Bwana shamba wa kata yetu, Deogratias, kijana mweupe, alikuwa amekuja kwangu mara tatu kwa ajili ya ugonjwa wa mihogo, na Hajra alimpa maji ya kunywa. Basi. Ningeweza kucheka nao. Badala yake nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa daftari langu la baiolojia la masomo ya jioni. Kulikuwa na kurasa mbili juu ya kurithi, njegere ndefu na njegere fupi. Nilizisoma mara tatu. Nikaona nimepata ushahidi.

Siku ya thelathini na tisa, mchana, nikaandika. Nikarudia kuhakiki nukta. Nikatuma.

Hajra alipiga simu mara kumi na moja. Sikupokea. Faudhia aliponifuata na wembe wake mpya na kitambaa cheupe nilimwambia safari imevunjika, asiniulize.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Nilikutana na Deogratias barabarani mara tatu, kila mara akaniamkia, sikuitika.

Halafu siku moja simu ikaita, nikapokea.

"Ni Hajra. Majibu ya kipimo cha damu ya mtoto yamerudi. Daktari anataka wazazi wote wawili."

"Kipimo cha kurithi?"

"Ndiyo."

"Nitakuja," nikasema. Mungu anisamehe, nilikwenda nikiwa na furaha. Nilivaa koti. Nilichukua na daftari.

Hajra nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, amekonda. Alikuwa akimlisha mtoto maziwa kwa sirinji isiyo na sindano, tone kwa tone, akimpapasa shavu ili ameze. Hakuniangalia. Kwenye kadi iliyokuwa juu ya mapaja yake, mahali pa jina, paliandikwa: Mtoto wa Hajra.

"Ana jina gani?" nikauliza.

"Mama anamwita Mgeni. Kadi unaiona."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Evaline, mpole, asiye na haraka. Kwanza alitaka kujua habari za mimba. Akaniuliza mimi.

"Baba, mtoto alikuwa anacheza vizuri tumboni?"

Hajra akajibu badala yangu. "Hakucheza. Nilimwambia."

Daktari akaandika. Mtoto kutocheza, maji kuzidi, kukaa matako chini, kuzaliwa mlegevu, sauti ndogo, kushindwa kunyonya. Alivisoma kimoja kimoja, akasema vyote ni vya kitu kimoja kilichokuwepo tangu mwanzo, kinaitwa Prader-Willi, majina ya madaktari wa zamani.

"Kila mtu hupokea nusu ya maelezo ya mwili wake kwa mama na nusu kwa baba," alisema. "Maelezo hayo yamefungwa kwenye nyuzi zilizopewa namba. Kwa huyu mtoto, kwenye uzi namba kumi na tano, kuna kipande kidogo cha upande wa baba ambacho hakipo."

Nilikaa wima.

"Cha baba hakipo."

"Hakipo."

"Daktari, naomba urudie hapo, mke wangu asikie."

Hajra aliinamisha uso juu ya mtoto. Daktari Evaline akaweka kalamu chini.

"Nitarudia ili wewe usikie, baba. Kwa mwanamume kipande hicho kipo kama kawaida. Hukatika wakati mbegu ya kiume inatengenezwa, kabla mimba haijaingia. Hakuna aliyekikata. Si dawa, si chakula, si kosa la mama, wala si kosa la baba. Hutokea tu, kwa mtoto mmoja kati ya maelfu mengi. Na ndani ya kipande hicho hicho kuna maelezo yanayosaidia kutia rangi ngozi na nywele. Ndiyo maana wengi wao huwa weupe kuliko ndugu zao."

"Kwa hiyo nywele zake..."

"Nywele zake ni sehemu ya hali yake."

Daftari langu lilikuwa mapajani. Nililifunika kwa kiganja.

Daktari akaendelea. Alisema mtoto atachelewa kukaza shingo, atachelewa kukaa na kutembea, lakini mengi atayafikia. Sasa hivi hawezi kunyonya. Baadaye, akiwa mkubwa kidogo, ataanza kusikia njaa isiyoisha, na chakula ndani ya nyumba kitabidi kifungiwe. Atahitaji watu wawili wenye subira. Hajra alikuwa akiitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayepokea mizigo mlangoni na kuipanga.

Mimi nilikuwa bado nimekwama nyuma.

"Basi kipimo kimethibitisha kwamba mtoto ni wangu," nikasema. Nilitaka karatasi initoe kwenye shimo nililochimba.

"Hapana. Hatukutafuta hilo. Kipimo hiki kinaonyesha kinachokosekana, hakisemi baba ni nani. Kama unataka kujua hilo, kuna kipimo kingine, kina taratibu zake. Naweza kukuelekeza uanzie wapi." Akashika kalamu.

"Mwelekeze, daktari," Hajra alisema bila kuinua uso. "Yeye ni mtu wa karatasi."

Nilitafuta kichwani sababu nyingine ya kumshuku mke wangu. Siku moja aliyochelewa kurudi. Simu moja aliyoipokea nje. Uongo mmoja, hata mdogo. Nilitafuta kwa bidii, maana kama ningeipata ningepumua. Sikupata kitu. Nilikuwa na nywele za mtoto, na kicheko cha Andrew.

"Usiandike," nikamwambia daktari.

Tulipotoka nje nilitaka kumpokea mtoto. Hajra alimhamishia bega la pili.

"Jumamosi njoo Vihingo na dada yako. Mjomba atakuwepo."

Ndivyo nilivyofika kwenye mkeka ule, na simu ile mbele yangu.

Nikasoma.

"Hajra. Mtoto huyo si damu yangu. Mimi nimesoma. Watu wawili weusi hawazai mtoto mwenye nywele kama ndevu za hindi. Kesho sitakuja, na dada Faudhia hatakuja. Jina la baba yangu msimpe. Mpeni jina la mwenye rangi yake."

Nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Faudhia alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Hakuwa amewahi kujua nilichoandika. Kwa miezi ile yote alidhani Hajra ndiye aliyekataa tusije.

Bi Mwanne ndiye aliyeanza. Mama mkwe wangu ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, lakini shikamoo nampa kila siku, na yeye huipokea bila kutabasamu.

"Siku ile pilau lilikuwa jikoni," alisema. "Majirani wamekaa hapo nje. Wakaniuliza wakwe wamekwama wapi. Nikawaambia gari limewaharibikia. Walipomaliza kula wakauliza tena. Nikasema gari bado. Kwa umri wangu huu nilisema uongo mbele ya watu, mwanangu, ili nikusitiri wewe, na binti yangu yuko chumbani hajala."

"Nimekosa, mama. Sina la kujitetea."

"Kweli huna."

Mzee Omary alikohoa. Alisema mtu akishakiri inatosha, tusikeshe juu ya jambo moja. Dada mtu yupo, wembe anao, kitambaa anacho. Mtoto anyolewe sasa hivi, apewe jina, mke arudi kwake. Faudhia alianza kufungua kifuko chake.

"Hapana," Hajra alisema.

"Hajra..."

"Mjomba, nisamehe, lakini hapana. Mkimnyoa hapa leo, aibu ya baba yake itakuwa imefutika kwa wembe mmoja. Nywele hizi ndizo zilizomfanya amkatae. Zitabaki." Akanigeukia. Sasa alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya upasuaji. "Utambeba mchana, bila kofia, kuanzia pale tutakaposhuka Gwata mpaka nyumbani kwako. Utapita kijiweni. Ukifika mlangoni kwako umembeba, nitajua kama nimerudi, au nilikuwa nakusindikiza tu."

"Nimekubali."

"Kwanza ujue kumshika."

Akanipa. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na laini, anamiminika pande zote kama unga.

"Kiganja chini ya kisogo. Sivyo. Shingo hana bado. Hapo. Usimkaze."

Mtoto alifungua macho, akanitazama bila haraka yoyote. Alikuwa na miezi minne na siku kadhaa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kumpakata.

Tulishuka Gwata saa nane mchana, jua kali. Vijana wa bodaboda wakatukimbilia.

"Mzee, panda na mama, twende."

"Baba anatembea," Hajra alisema.

Nikatembea. Faudhia alinishikia mwavuli, Hajra akamwambia aukunje kidogo ili kichwa kionekane, kisha akaufungua tena mwenyewe, mtoto asiungue. Yeye alibaki hatua tatu nyuma yangu.

Kijiwe kilikuwa kimejaa. Andrew alikuwa na gurudumu mapajani. Na Deogratias alikuwepo, pikipiki yake kivulini, kikombe cha kahawa mkononi. Alinitazama, akakiweka chini, akainuka kutaka kuondoka.

"Karibu, Mwalimu," Andrew alisema. "Leo umetuletea mzungu?"

Nilisikia hatua za Hajra zimesimama nyuma yangu.

"Huyu ni Salehe bin Hussen," nikasema. "Ni mwanangu. Bwana shamba, tafadhali usiondoke."

Deogratias alisimama, mkono kwenye usukani.

Nikawaeleza. Sikuwaeleza vizuri. Niliwaambia mtoto ana upungufu aliozaliwa nao, na weupe wake umetokana na upungufu huo. Niliwaambia nilimwandikia mke wangu maneno machafu kwa kusoma kurasa mbili za daftari. Niliwaambia maneno yale yalimgusa kijana huyu aliyekuja shambani kwangu kuniokolea mihogo, na kwamba yalikuwa uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Andrew alianza kuzungusha gurudumu lake bila sababu.

"Na mimi ule utani wangu, Mwalimu..."

"Utani ulikuwa wako. Kuandika niliandika mimi."

Deogratias akasema taratibu, "Mzee, nilikuamkia mara tatu barabarani. Hukuitika. Habari zikafika nyumbani, Recho mke wangu akaniuliza nimekukosea nini. Nikakosa jibu. Akalala kwa dada yake siku mbili."

Hilo sikulijua.

"Mwambie Recho nitakuja mwenyewe kumweleza. Kesho. Pamoja na wewe hapo."

"Njoo," alisema. Hakusema amesamehe. Akakaribia, akainama chini ya mwavuli, akamtazama mtoto usoni. Akauliza, "Ni jina la babu?"

"La babu yake. Baba yangu."

Deogratias akagusa kile kiganja kidogo kilicholegea. "Shikamoo, Mzee Salehe," akasema.

Mtoto akatoa kile kisauti chake chembamba. Mzee mmoja wa kijiwe akajibu badala yake, "Marahaba, mjukuu," na watu wakacheka, safari hii kicheko hakikuwa na miiba.

Kutoka pale mpaka kwangu ni mwendo wa robo saa. Hajra alibaki hatua zake tatu nyuma yangu. Nilifika mlangoni mkono umekufa ganzi, nikasimama, sikuthubutu kuingia wala kugeuka.

Akanipita. Akafungua mlango mwenyewe, akatazama ndani, utando wa buibui, cherehani yake imejaa vumbi. Akavua viatu. Akatoa chupa ya maziwa na sirinji, akanionyesha mahali pa kukaa.

"Saa yake ya kula imefika. Mlishe."

Nilimlisha tone kwa tone, nikimpapasa shavu kama nilivyomwona yeye akifanya. Yalimchukua zaidi ya nusu saa yale maziwa machache. Katikati nilichelewesha tone moja, na mtoto akakunja uso, akalia, kidogo, akalidai. Hajra aliyekuwa akifuta cherehani alisimama na kitambaa mkononi.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Kudai hajawahi."

Akatoka uani. Nilimsikia akiongea na Faudhia, kisha nikasikia jembe likigonga ardhi nyuma ya nyumba, shimo dogo linachimbwa. Waliporudi dada yangu alikuwa na kile kitambaa cheupe begani na wembe bado kwenye karatasi yake.

Hajra alikaa karibu yangu kwenye mkeka, goti lake likagusa langu, hakulisogeza.

"Baba Salehe," akasema, "mshike kisogo vizuri."